Rula Alikuja Kusalimia Tu

Benchi lenyewe ni ubao wa futi nane uliopinda katikati, ubao ambao kila mteja aliukataa, ukaishia juu ya magogo mawili nje ya karakana ya samani, pale njia mbili zinapokutana. Kulia kwake ni mlango wa karakana, wazi kutwa nzima. Kushoto ni jiko la mkaa la Mama Birika, na juu ya jiko birika jeusi lililokatika mpini likatiwa mpini wa waya. Jiko limekingwa upepo na chuma kipana kilichojikunja kama gamba la kobe, chenye rangi nyekundu inayobabuka na picha ya kiganja kilichopigwa mstari. Watu wote wa benchi wanajua chuma kile kilitoka wapi. Wiki nzima hii walikunywa kahawa bila hata mmoja wao kukitazama.

Siku hiyo saa nane mchana karakana ilikuwa kimya, na ukimya huo haukuwa wa kawaida. Mwenye karakana, ambaye mtaa mzima unamwita Mkurugenzi, alikuwa amewarudisha mafundi wake watatu nyumbani tangu asubuhi. Cheo cha ukurugenzi alijipa mwenyewe siku aliponunua mashine ya kwanza, na watu wakakubali kwa kuwa kubishana naye kunachosha. Mlangoni alikuwa ameandika kwa chaki, herufi kubwa: ANATAKIWA FUNDI WA MSUMENO. AANZE LEO.

Fundi wa msumeno aliyekuwepo ni Rula, fundi wa nne. Walimwita Rula kwa sababu hakuwahi kutumia rula. Aliukodolea jicho ubao, akakata, na ukiupima unakuta sawasawa. Siku ya ajali, saa nne asubuhi, alikuwa akipasua chaga za vitanda kwenye msumeno wa meza. Ubao uliruka, mkono wa kushoto ukaufuata. Vidole viwili vilikwenda. Mama Birika ndiye aliyeingia wa kwanza, akavua kitambaa chake cha kichwani, akaufunga ule mkono na kumkimbiza mgonjwa zahanati. Zahanati iliandika barua, na jana afisa wa fidia alifika na karatasi mbili: moja ya kuandikisha karakana na mafundi wake kwenye bima ya wanaoumia kazini, nyingine ya kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku saba. Leo ilikuwa siku ya saba, na afisa alisema saa kumi atazifuata. Zikijazwa, mkono wa Rula utatibiwa na nyumba yake itakula hadi apone. Zisipojazwa, Rula hajulikani na karakana inatiwa mnyororo.

— Sijazi! akasema Mkurugenzi, akakigonga kikombe kwenye benchi. Bima ya wafanyakazi ni ya makampuni. Mimi kampuni? Hebu nitazameni vizuri. Kampuni ina lifti. Kampuni ina mlinzi wa kukuuliza unakwenda wapi. Mimi anayeniuliza nakwenda wapi ni mke wangu peke yake.

— Afisa alisema hata mwenye mfanyakazi mmoja, akasema Mama Birika, akimmiminia.

— Sina hata huyo mmoja. Hapa tuko ndugu. Tunasaidiana.

— Rula ni ndugu yako?

— Shemeji yangu.

— Kwa upande gani?

Mkurugenzi akapuliza kahawa, akafikiri.

— Yeye kaoa, mimi nimeoa. Ushemeji utakosekanaje hapo?

Mzee aliyekaa pembeni yake akakohoa. Huyo ndiye Jaji. Alikuwa tarishi wa mahakama, alibeba mafaili miaka ishirini na sita bila kufungua hata moja, na alipostaafu akaondoka na kikohozi cha hakimu anayeingia ukumbini. Akikohoa, benchi linanyamaza.

— Nisikilizeni mimi, akasema Jaji. Sheria inasema kiwanda. Na kiwanda ni kitu gani? Kiwanda ni bomba la moshi. Nimezunguka viwanda vingi na mafaili kwapani, sijaona hata kimoja kisicho na bomba. Mkurugenzi, unalo bomba?

— Sina.

— Basi huna kiwanda. Huna kiwanda, huna mfanyakazi. Huna mfanyakazi, huna ajali. Kesi imekwisha, tunywe kahawa.

— Na vidole je? akauliza Mama Birika.

— Vidole ni mambo ya daktari. Sheria haiingilii.

— Kwa maelezo yako, mzee wangu, mwenye moshi hapa ni mimi. Kwa hiyo kiwanda ni changu, na ninyi mliokaa hapa ni wafanyakazi wangu. Mbona sioni kazi mnayofanya?

Spana akacheka hadi kahawa ikamtokea puani. Yeye ni fundi baiskeli, kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, na hutembea na spana mfukoni mwa shati hata akienda kuposa. Alijifuta kwa mkono wenye grisi, akabaki na masharubu ambayo hakuzaliwa nayo.

— Wazee mnajitesa bure, akasema Spana. Dawa yake nyepesi. Jioni unafukuza wote. Asubuhi unaajiri wote. Mtu wa siku moja hana bima. Hiyo bima ikiamka, haijanawa uso, mtu keshafukuzwa!

— Rula hakuumia jioni, akasema Mama Birika. Aliumia saa nne.

— Ndiyo hapo sasa! Saa nne ni saa ya chai. Saa ya chai hakuna aliye kazini dunia nzima. Rula anapasua mbao wakati wa mapumziko, kwa ruhusa ya nani? Kwa haki kabisa, yeye ndiye wa kushtakiwa.

— Alikuwa akimalizia chaga za mteja aliyesimama mlangoni. Na nilikusikia, Mkurugenzi, nikiwa hapa hapa kwenye jiko. Ulimwambia, chapuchapu Rula, mteja anaondoka.

— Nilimtia moyo! Siku hizi kumtia mtu moyo nako ni kumwajiri?

— Si kumwajiri, akasaidia Jaji. Ni upendo.

Mama Birika aligeukia jiko. Aliokota makaa mawili, akayaweka jikoni, na macho yake yakaangukia kile chuma chekundu hata kabla hajayazuia. Ilikuwa miezi mitano sasa. Upepo wa msimu ule ulikuwa ukimzimia moto kila akiuwasha, akaingia karakana kuomba kipande cha bati chochote kilichotupwa. Mkurugenzi alikuwa ameinama juu ya msumeno akifungua nati. Chukua hiki, mama, alisema, kinatuchelewesha, chaga nyembamba hazipiti. Rula ndiye aliyekibeba hadi nje. Akakisimamisha, akakikunja mdomo wa chini kwa nyundo kikae vizuri, akakiegemeza jiwe. Sasa kahawa yako haitapoa tena, mama, alisema, na kweli haikupoa. Mama Birika aliiona picha ya kiganja siku ile ile. Si mtoto mdogo, alijua ile picha inasema nini. Alinyamaza kwa sababu moto wake uliwaka vizuri.

— Mimi naona tunamwonea Mkurugenzi, akasema Jaji, ambaye wazo jipya lilikuwa limeshamfika kooni. Wa kulaumiwa ni msumeno. Msumeno uliununua kwa nani?

— Kwa yule mzee wa nyuma ya reli. Mungu amrehemu.

— Unaona! Chanzo cha ajali ni marehemu. Afisa kama anataka saini, amfuate huko aliko.

— Halafu mkono wenyewe wa kushoto, akadakia Spana. Rula anashika penseli kwa mkono wa kulia. Wa kulia ndio ulioajiriwa. Wa kushoto ulimsindikiza mwenzake tu.

— Umesema kweli tupu! Jaji akapiga goti lake. Mkono msindikizaji! Hakuna bima duniani inayolipa msindikizaji.

Walicheka wote watatu, na Mkurugenzi alicheka zaidi, kicheko kirefu cha mtu anayeogopa kiishe. Mama Birika aliwatazama. Siku ya tatu baada ya ajali alikuwa amekwenda kumwona Rula nyumbani. Vyumba viwili nyuma ya kiwanja cha matofali, mke anawalisha mapacha wawili kwa kijiko kimoja. Rula alikuwa amekaa kitandani akijaribu kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, na hakutaka kusaidiwa. Aliuliza mambo mawili. Kwanza, kama jiko bado limekingwa upepo. Pili, kama Mkurugenzi amesema lolote. Mama Birika alijibu la kwanza, la pili akalikwepa.

— Mimi nina wazo la mwisho, akasema Spana, akasimama kabisa. Waandike wote wakurugenzi! Karakana yenye mabosi watano na mfanyakazi sifuri. Bosi akijikata, atajijua mwenyewe na kioo chake.

Mkurugenzi akaacha kucheka.

— Wote wakurugenzi?

— Wote.

— Na Rula?

— Rula mkurugenzi mkuu. Ndiye mwenye jeraha.

— Sasa nani atapiga randa?

Spana akakaa. Mkurugenzi alikuwa tayari kupambana na ofisi nzima ya fidia, mlangoni, mikono mitupu, lakini cheo chake kukigawa hakuweza. Akajisogeza pembeni, akatazama saa yake, na jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo.

— Haya, tuache mzaha, akasema. Jaji, toa ile karatasi.

Jaji akaitoa mfuko wa ndani wa koti. Ilikuwa imeandikwa tayari, mwandiko wa mikogo wenye mikia, na akaisoma akiwa ameishika mbali na macho.

— Sisi tuliotia saini hapa chini, majirani na mashahidi, tunathibitisha kwamba ndugu Rula hakuwa na hajawahi kuwa mfanyakazi wa karakana hii. Siku ya tukio alikuja kusalimia tu. Katika kusalimia, alinyosha mkono.

— Akamnyoshea nani? akauliza Mama Birika. Msumeno?

— Hapo tumepaacha wazi. Sheria inapenda pawe na nafasi.

Akatia saini yake yenye mizunguko mitano. Spana akasita kidogo, akamtazama Mkurugenzi ambaye kila mwezi humtengenezea bure viti vya kibanda, kisha akapiga kidole gumba. Grisi ilitosha, wino haukuhitajika. Karatasi ikawekwa mwisho wa benchi, upande wa jiko, na wanaume watatu wakamtazama mwanamke.

— Wewe ndiye anayetakiwa hasa, akasema Mkurugenzi, sauti imekuwa laini. Afisa alisema atakusikiliza wewe, kwa kuwa ndiye uliyeingia wa kwanza. Weka jina lako, mama. Neno moja, mambo yote yamekwisha.

— Siweki.

— Mama Birika.

— Nimesema siweki.

— Mama Birika, benchi hili ni langu. Paa hili ni langu, na kivuli unachokaa ni cha paa langu. Miaka sita nimekuuliza kitu? Leo ninakuomba jina tu.

— Kivuli chako kichukue. Nina miguu, jiko lina miguu, tutahama wote wawili leo hii. Lakini usiniambie mgeni. Mgeni gani anakuja kusalimia kavaa aproni yako, penseli yako sikioni, na funguo za stoo yako mfukoni? Zile funguo nilizitoa mfukoni mwake mimi, kwa mkono huu, nikakuwekea kiganjani mwako. Zilikuwa na damu. Ulizifuta kwenye suruali. Hiyo hiyo uliyovaa.

Mkurugenzi alitazama suruali yake, na Spana naye akaitazama. Jaji alikohoa, lakini hakuna hukumu iliyofuata.

— Unanipiga vita kwenye mlango wangu, akasema Mkurugenzi akisimama.

— Ninakaa hapa hapa, nipige na wewe.

Angemjibu nini, hakuna ajuaye, kwa sababu wakati ule ule mwanamke mmoja alikuwa amesimama mbele ya mlango akisoma maandishi ya chaki. Alikuwa mtu wa makamo, begani mfuko mzito, miwani ya kukinga macho imening'inia shingoni, na nyusi zake zilikuwa na vumbi la mbao ambalo halitoki hata kwa kuoga. Fundi hujulikana.

— Hamjambo hapa? Naona mnatafuta fundi wa msumeno.

Uso wa Mkurugenzi ukabadilika kufumba na kufumbua.

— Karibu, dada yangu, karibu sana! Mama, mpe mgeni kahawa. Kazi ipo, tena ya kuanza leo leo.

— Ahsante. Nina miaka kumi na mmoja kwenye msumeno wa meza. Aliyekuwepo ameenda wapi?

— Amesafiri, akasema Mkurugenzi.

— Hakuwepo, akasema Jaji.

— Alikuja kusalimia, akasema Spana.

Maneno matatu yalitoka kwa pamoja. Yule fundi akawatazama mmoja baada ya mwingine, akapokea kikombe, akakishika bila kunywa. Kisha akaingia mlangoni hatua mbili. Walimwona akiinama, akitazama meza ya msumeno pande zote, akipitisha kidole juu ya matundu mawili ya nati yaliyobaki wazi. Alipotoka, kahawa ilikuwa bado imejaa.

— Huu msumeno mmeuacha uchi. Kinga yake iko wapi?

Kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga kwa mvuke. Mkurugenzi akatazama paa. Spana akatoa spana mfukoni, akaikagua kama aliyeiona leo. Jaji aligeuka akatazama barabara yote, mwanzo hadi mwisho, huku barabarani hakuna kitu. Walitazama kila mahali, isipokuwa mahali pamoja.

— Nimeuliza tu, akasema yule fundi. Nilikotoka karakana ilikuwa ndogo kuliko hii. Watatu sisi, bosi wa nne. Majina yetu aliyaandikisha kwenye bima ya fidia, akachangia kila mwezi, na karatasi ilibandikwa ukutani, karibu na swichi, ili ukiwasha mashine uione. Mwenzangu aliangukiwa na mbao, akavunjika mguu. Mfuko wa bima ukamtibu, ukamlipa hadi aliporudi, na bosi hakufilisika. Tumeachana naye kwa uzee wake tu. Sasa nawauliza mimi. Siku nikikatika hapa, nitakuwa nimesafiri, sikuwepo, au nilikuja kusalimia?

Swali lile lilikaa benchini kama mtu wa tano. Mama Birika akatua birika chini. Akakunja ncha ya aproni mara tatu, akainama, akakishika kile chuma, akakivuta. Kilikuwa cha moto, harufu ya rangi inayoungua ikapanda, lakini hakukiachia. Akapiga hatua mbili, akakiweka juu ya benchi, juu ya karatasi ya Jaji.

— Kinga hii hapa, akasema. Na aliyekuwa nayo ni mimi.

Karatasi ikaanza kufuka. Saini ya mizunguko mitano ilijikunja kwanza, kisha kidole cha Spana, halafu maneno ya katikati yakageuka kahawia, na hakuna aliyenyosha mkono kuiokoa.

— Niliomba kitu cha kuzuia upepo, nikapewa hiki, akaendelea Mama Birika. Nilikiona kiganja kilichochorwa. Nilijua ni kitu gani. Nikanyamaza miezi mitano, kwa sababu kahawa yangu ilichemka vizuri na ninyi mkaisifu. Aliyenibebea akaja kunisimikia ni yule yule aliyekuja kusalimia. Afisa akifika saa kumi, langu nitalisema la kwanza, kisha lako, Mkurugenzi, nitalisema la pili. Kama umenifukuza, nitamsubiri pale barabarani.

Upepo ulikuwa ukingoja nafasi hiyo tu. Ulipita chini ya paa, ukaingia jikoni, majivu yakaruka juu ya vikombe, na makaa yakaanza kuzima moja baada ya jingine.

— Mama, akasema Jaji kwa unyonge, na kahawa je?

— Imekwisha.

— Lakini birika limejaa!

— Mzee wangu, nimesema imekwisha.

Mkurugenzi aliketi polepole. Alikuwa mtu mkubwa, lakini sasa alionekana kama amevaa nguo za kaka yake. Alikitazama kile chuma kwa mara ya kwanza wiki nzima.

— Zilikuwa chaga nyembamba, akasema. Hazipiti vizuri kukiwa na kinga. Nikasema nikiondoe kwa siku hiyo moja. Wallahi, niliwaza siku moja. Usiku wa ile ajali sikulala. Nikasema nikiandika jina langu kwenye zile karatasi, nitakuwa nimekiri kwamba ni mimi.

— Si ni wewe? akasema Mama Birika.

— Ni mimi.

Mkurugenzi akaingiza mkono mfuko wa nyuma, akatoa fomu mbili zilizokunjwa mara nane, akazinyosha juu ya goti. Yule fundi mgeni akafungua mfuko wake, akampa kalamu.

— Andika, kaka. Haiumi.

Akaandika. Jina la mwajiri aliliandika lote, na cheo chake juu, mtu haachi tabia siku moja. Aina ya kazi: samani. Idadi ya wafanyakazi: aliandika wanne, na mkono wake ulipoandika hivyo ulikuwa mzito, kwa kuwa mchana ule ule alikuwa ameapa hana hata mmoja.

— Watano, kama umeniajiri, akasema yule fundi. Lakini mle ndani siingii mpaka hicho chuma kirudi mahali pake na karatasi ibandikwe ukutani. Hilo ulijue kabisa, nisije nikaitwa mkaidi baadaye.

— Kitarudi leo. Nati ninazo.

— Haya, endelea. Tukio lilitokea wapi, saa ngapi.

Akajaza. Kidole kwa kidole, mkono upi, mashine ipi, nani aliona. Kwenye mstari wa shahidi Mama Birika akachukua kalamu mwenyewe, akaweka jina lake, lile lile aliloombwa, akaliandika wazi bila mkia wowote. Kisha kalamu ikarudi kwa Mkurugenzi, ikapanda hadi mstari uliorukwa, ikasimama.

— Jina kamili la mfanyakazi, akasoma yule fundi juu ya bega lake. Rula nani?

Mkurugenzi akafungua mdomo. Akaufunga. Akamtazama Jaji, aliyekaa na Rula benchi hilo kila asubuhi akimfundisha sheria. Jaji akamtazama Spana, aliyekopeshana naye viatu siku ya harusi ya mtu. Spana akamtazama Mama Birika. Na Mama Birika, aliyeingia hadi chumbani kwake, akahisi uso unamchoma, kwa sababu kule nyumbani mke humwita Baba Pacha, na yeye hakuwahi kuuliza zaidi ya hapo. Zahanati siku ile aliwaambia waandike Rula. Mchana ule benchi lilimpa mtu yule ushemeji, usindikizaji, ukurugenzi mkuu na ugeni, na miaka minne yote hakuna aliyemuuliza jina.

— Kwani alikaa hapa muda gani? akauliza yule fundi, na hakuuliza kwa ubaya.

Mama Birika akachukua birika, akalimwaga lote jikoni, mvuke ukapanda na makaa yakapiga kelele mara moja yakanyamaza.

— Nyanyukeni, akasema. Wote. Tukamuulize mwenyewe. Saa kumi haijafika.

— Na mimi? akauliza Jaji, ambaye magoti yalikuwa yakimsumbua tangu enzi za mafaili.

— Wewe uwe wa kwanza. Ukifika umsomee ile karatasi yako, kama unaikumbuka.

Jaji akainuka bila kukohoa. Spana akavuka mbio kufunga kibanda chake. Yule fundi mgeni akakiegemeza kile chuma mlangoni, upande wa ndani, mahali ambapo hakuna atakayekipita bila kukiona, akajitwika mfuko wake akawafuata. Mkurugenzi alikwishatangulia, fomu mkononi, kifua mbele, hatua ndefu za mtu mwenye jambo lake, hakutaka kuongozwa na yeyote.

Alipofika pale njia mbili zinapokutana, akasimama. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Waliokuwa nyuma wakamkaribia, wakasimama naye, wakingoja aongoze, na yeye akabaki pale pale na karatasi yake ikipepea, kwa sababu hakujua Rula anakaa wapi.

Mama Birika akampita bila kusema neno, akakata kushoto kuelekea kiwanja cha matofali, na Mkurugenzi akamfuata.